Shahidi Asiyejua Saa

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu li zima, lakini nusura nivunje la mtu mwingine, tena mtu mzima aliyenibeba mgongoni nilipokuwa sijajua kutembea. Tafadhali keti nikusimulie.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa 2025, nami nilikuwa Kidato cha Tatu. Kwetu ni Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, ambako baridi ya mwezi wa nane hukufanya uzungumze huku meno yakigongana. Watu wa huku wanategemea viazi na ng'ombe wa maziwa. Kila jioni kina mama, mama yangu akiwa mmoja wao, hupeleka maziwa kwenye kituo cha chama cha ushirika. Pale hupimwa, humiminwa ndani ya tangi kubwa la kupozea, na asubuhi lori huja kuyachukua.

Maziwa, kama ujuavyo, hayana subira. Yanapotoka kwa ng'ombe yana joto la mwili, na yakikaa hivyo vijidudu huzaana humo kama siafu baada ya mvua. Ndiyo sababu hupozwa hadi nyuzi 4 hivi, vijidudu vilale. Tangi likilegea usiku mmoja tu, jasho la kijiji kizima humwagwa.

Mkobani mwangu nilikuwa na Raspberry Pi 4 ya chama cha kompyuta cha shule yetu. Mwalimu aliniazima baada ya kunitia saini mara mbili na kunionya mara kumi. Kwa asiyeifahamu, hii ni kompyuta nzima iliyopangwa juu ya ubao mmoja unaokaribia ukubwa wa kadi ya benki. Ilibuniwa Cambridge, Uingereza, na aina ya kwanza ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, nia kubwa ikiwa kuwafundisha vijana kuandika programu. Hii yetu haina kioo, haina kibodi, haina hata swichi. Ukichomeka waya wa stima inaamka, ukichomoa inalala.

Viwanda vikubwa vina mitambo ya kuchunga joto na mwendo wa mashine usiku na mchana, mhandisi akiwa ameketi mbele ya kioo na kikombe chake cha kahawa. Nilisoma kwamba kazi hiyo hiyo yaweza kufanywa na ubao huu mdogo ukiwekewa programu inayofaa. Basi nikamwendea meneja wa kituo.

"Sasa hii kitu itatusaidia aje?" akauliza, akiigeuzageuza kiganjani.

"Itapima joto la tangi kila dakika, iandike, na asubuhi ukifika ikuchoree grafu ya usiku mzima."

Macho yake yakang'aa. "Ukiniwekea hiyo, chai na mandazi hapa ni haki yako mpaka shule zifunguliwe."

Nikaanza kazi siku iyo hiyo. Usione vyaelea, vyaundwa! Siku ya kwanza nilitumia chaja ya simu, na pembeni mwa kioo ikatokea alama ya radi. Kumbe chaja ile ilikuwa dhaifu. Ubao ule ulitaka volti 5 na ampea 3 kamili. Nikapata chaja yake. Kisha nikaweka programu iitwayo Node-RED, iliyoanzishwa mwaka wa 2013 na Nick O'Leary na Dave Conway-Jones wa kampuni ya IBM. Haikuuzwa, unaipakua bure. Bure kwa maneno tu, kwa maana bando la mama liliisha katikati ya shughuli, na nilipata maneno ambayo mhariri hawezi kuyachapisha.

Uzuri wa Node-RED ni kwamba huandiki mistari mingi ya amri. Unavuta visanduku kwenye kioo na kuviunganisha kwa nyuzi, kama mtoto anayechora nyumba. Kisanduku changu cha kwanza kiligutuka kila dakika. Cha pili kilisoma kipimajoto. Cha tatu kiligawa namba kwa 1000, kwani kipimajoto husema 4125 kikimaanisha nyuzi 4.125. Cha nne kiliandika jibu katika faili pamoja na saa, na cha tano kikachora grafu.

Kipimajoto chenyewe kilikuwa cha aina ya DS18B20, kinachofanana na msumari wenye mkia wa nyaya tatu. Nilikiingiza kwenye kijishimo kilicho ubavuni mwa tangi, kisiguse maziwa. Nikawasha. Kimya. Nikakumbuka kuwa sikuwa nimeweka rizista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa habari na waya wa umeme. Nikaiweka, nikawasha tena kwa mbwembwe huku watu wamenizunguka. Kioo kikasema: nyuzi 85.

Nyuma yangu nikasikia mtu akicheka taratibu. "Basi mtuletee majani na sukari, chai iko tayari."

Alikuwa Guka. Guka kwetu ni babu, na vijana wote wa kijiji humwita hivyo mzee huyu, hata sisi tusio na udugu naye wa damu. Kazi yake ilikuwa kuchunga tangi usiku. Alikuwa na daftari la jalada jeusi, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na saa ya mkononi ya zamani ambayo kioo chake kilikuwa na ufa. Kila baada ya saa moja alisoma kipimajoto cha tangi na kuandika. Alifanya hivyo miaka mingi kabla sijazaliwa.

Nilitabasamu kwa aibu. Namba 85 ndiyo ambayo kipimajoto kile huwa nayo kinapoamka, kabla hakijapima chochote. Waya mmoja ulikuwa haujashika vizuri, kwa hiyo kila mara kilikuwa kikiamka upya na kutaja namba yake ya usingizini. Nikakaza waya, tukapata nyuzi 4.3. Guka akasoma kipimajoto chake, akaona 4. Akatikisa kichwa kuridhika.

Ningalikuwa na busara, ningalipata somo pale pale: mashine haisemi ukweli, husema ilicho nacho. Lakini ujana ni moshi. Nikaendelea kuringa. Nikaiagiza Node-RED ijiwashe yenyewe kila mara stima inaporudi, isimhitaji mtu. Hilo nililionea fahari kuliko yote.

Guka akanisogelea. "Mjukuu wangu, hii kitu yako inajua saa?"

"Inajua, Guka. Inaandika saa na dakika kila mara."

"Imevaa saa wapi? Sioni."

Nikacheka. "Haihitaji saa, Guka. Inaulizia saa kwenye intaneti."

"Na intaneti ikilala?"

Nikamjibu kwa haraka ya mtu anayeitiwa mandazi, "Haiwezi lala, Guka. Usijali."

Msomaji, kumbuka swali hilo.

Mambo yalikwenda shwari zaidi ya wiki moja. Kila asubuhi meneja alifungua kompyuta yake ofisini na kuitazama grafu kama mtu anayetazama picha ya harusi yake. Wageni waliitwa waje waione. Nikapewa jina la "Injinia". Hata mama, aliyekuwa bado analilia bando lake, alianza kunipakulia nyama kubwa.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Alhamisi. Lori lilifika, na mpimaji akachukua maziwa kidogo, akayachanganya na alkoholi kama ilivyo desturi. Maziwa mazuri hubaki laini. Haya yaligandamana vipande vipande. Akarudia. Yakawa yale yale. Akafunga kisanduku chake, akapanda lori, akaenda zake. Lita 2000 zikabaki pale bila mwenyewe. Kina mama walishika vichwa. Mama yangu hakusema neno; alitazama tu chini.

Guka aliitwa ofisini, nami nikaitwa kama mtaalamu. Meneja alikuwa amekwisha fungua grafu.

"Mzee, usiku kulitendeka nini?"

Guka akafungua daftari lake, akasoma polepole: "Saa 4.40 usiku, stima imepotea. Jenereta haina dizeli. Saa 8.50 usiku, stima imerudi. Mashine imeanza."

"Wewe kijana," meneja akanigeukia, "soma hiyo grafu yako."

Nikasoma. Kompyuta huhesabu saa za kizungu, kwa hiyo saa 4.40 ya Guka huandikwa 22:40. Katika dakika hiyo hakukuwa na pengo lolote. Mstari uliendelea, na kutoka hapo joto lilishuka vizuri usiku, kama linavyoshuka mashine inapofanya kazi. Pengo lilikuwapo, lakini lilianza saa 8.19 usiku likaisha saa 12.30 asubuhi, karani alipofungua ofisi.

"Umesikia?" meneja akafoka. "Wakati unasema stima ilikuwa imepotea, mashine ilikuwa inapoza! Halafu saa nane ukazima kila kitu ulale bila kelele. Kompyuta haina ukoo wala rafiki, mzee. Haidanganyi."

Kituo kile kina transfoma yake mbali na ya kijiji, na saa hizo watu walikuwa wamelala fofofo. Hakukuwa na wa kumshuhudia. Guka alinitazama. Hakunilaumu, alinitazama tu, kama anayengoja niseme jambo. Nami, msomaji, nilitazama viatu vyangu. Moyoni nilimwamini Guka, lakini grafu ilikuwa yangu, na nilikuwa ninaitwa Injinia.

Akasimamishwa kazi hapo hapo. Kamati ingekutana Jumatatu kuamua ni kiasi gani kitakatwa kwenye malipo yake ili kufidia lita 2000. Alilifunga daftari lake, akaliacha juu ya meza, akatoka.

Usiku huo chakula hakikupita kooni. Mama aliona, akaniambia neno moja: "Mzee huyo amewahi kukudanganya?" Nikasema hapana. "Basi kwa nini uko hapa umelala?"

Niliinuka. Nilikuwa nimenakili faili la usiku ule kwenye simu. Niliacha kuangalia mchoro, nikaanza kusoma namba zenyewe, mstari kwa mstari. Saa 22:39, nyuzi 16.1. Maziwa ya jioni yalikuwa bado yanapozwa. Saa 22:40, nyuzi 18.4.

Nikasoma tena. Dakika moja, nyuzi 2.3?

Nikachukua kalamu. Kilo 2000 za maziwa. Kila kilo hutaka takriban kilojuli 3.9 ili ipande nyuzi moja. Hayo tulifundishwa katika Fizikia. Kuzidisha mara 2.3 nikapata karibu kilojuli 18,000. Kwa sekunde 60 ni kilowati 300, yaani birika 150 za umeme zikichemka pamoja ndani ya tangi! Kijasho chembamba kilinitoka ijapokuwa ni Kinangop, tena usiku.

Nikaenda kwenye pengo. Mstari wa mwisho kabla ya pengo, saa 02:19, nyuzi 5.1. Mstari wa kwanza baada ya pengo, saa 06:30, nyuzi 5.1. Kama mashine ilizimwa saa nne nzima, mbona maziwa hayakupanda joto hata kidogo?

Hapo ndipo kichwa kilipofunguka. Paliporuka joto, hapakuwa na muda. Paliporuka muda, hapakuwa na joto. Muda uliopotea mahali pamoja ulikuwa umefichwa mahali pengine. Nikapima pengo la grafu: saa nne na dakika kumi na moja. Nikapima giza la Guka, toka saa 4.40 hadi saa 8.50: saa nne na dakika kumi. Dakika moja ile ilikuwa ya kompyuta kuamka na kufungua macho.

Swali la Guka likanirudia kama kofi. Na intaneti ikilala?

Raspberry Pi 4 haina saa ya betri ndani yake. Ikiwa na stima huhesabu muda vizuri. Stima ikikatika husahau, na ikiamka huanzia saa iliyoihifadhi mara ya mwisho, mpaka intaneti iirekebishe. Ruta ya intaneti ilikuwa ofisini, na karani huzima soketi za ofisi kila jioni anapofunga. Kwa hiyo stima ilipopotea saa 4.40, kompyuta ililala. Iliporudi saa 8.50, ikaamka ikidhani ni saa 4.40 ileile, ikajiwasha yenyewe kama nilivyoiagiza, ikaendelea kuandika saa za uongo kwa mwandiko mzuri. Saa 12.30 karani alipowasha ruta, ikaulizia saa, ikaruka mbele ghafula, na pengo likazaliwa.

Sitakuficha, msomaji. Shetani aliniketia begani. Alininong'oneza kwamba shule zinafunguliwa wiki ijayo, kwamba hakuna mwingine kijijini anayeweza kusoma faili lile, kwamba Guka ni mzee na angestaafu hata hivyo. Nilijua pia kwamba nikisema, jina la Injinia litageuka mzaha. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona akiliacha daftari lake juu ya meza.

Jumatatu nilisimama mbele ya kamati, wazee kwa kina mama, miguu ikitetemeka.

"Kosa ni langu," nikasema. "Grafu ndiyo iliyosema uongo, si Guka."

Minong'ono ikazuka. Meneja akacheka. "Kijana, unaogopa mzee atakulaani?"

Nikaomba dakika chache. Nikaunganisha ubao ule na televisheni ya ofisi, saa yake ikaonekana wazi. Nikamwomba Guka avue saa yake ya mkononi, tukaiweka kando ya televisheni. Zilikuwa sawa. Nikazima ruta. Nikachomoa waya wa ubao. Tukakaa kimya dakika kumi, hakuna aliyekohoa. Kisha nikauchomeka.

Televisheni ilipowaka, saa ya kompyuta ilikuwa nyuma ya ile ya Guka kwa zaidi ya dakika kumi. Saa ile kuukuu yenye ufa ilikuwa inasonga mbele, tik, tik, bila haya.

Mama mmoja wa kamati aliinuka akazitazama zote mbili, akageuka. "Kwa hivyo mzee alisema ukweli."

"Kila neno," nikajibu.

"Stima ilipotea kweli."

"Ilipotea."

"Na jenereta haikuwa na dizeli." Akamgeukia meneja. "Sasa tuambie, dizeli ilikuwa wapi?"

Siku hiyo zamu ya kutazama viatu ilikuwa ya mwingine.

Guka alirudishwa kazini jioni ileile, na hakukatwa hata ndururu. Hasara ilibebwa na chama, na tangu hapo dizeli hupimwa kila Jumamosi mbele ya wajumbe wawili. Mimi sikupewa tena jina la Injinia, wala mandazi sikuyaonja. Lakini kabla ya kurudi shuleni nilipewa ruhusa ya kurekebisha kazi yangu. Nilinunua kijisaa cha DS3231 chenye betri ndogo ya mviringo kama kifungo, bei yake haikufika shilingi elfu moja, nikakifunga juu ya ubao. Sasa stima ikipotea kompyuta hulala, lakini saa haisinzii. (Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka wa 2023, ina saa yake, ila nayo hutaka kuwekewa betri.) Nikaongeza pia kisanduku kimoja katika Node-RED: kila ubao unapoamka, uandike wazi, "Nilikuwa nimelala."

Ubao wa chama cha kompyuta niliurudisha kwa mwalimu pamoja na maelezo ya yote yaliyotokea. Kituo kilinunua wake, nami nikauwekea programu ileile kwa simu, Guka akiwa ndiye anayenishikia nyaya upande wa pili. Hakuna siku aliyonisuta. Nilipokwenda kumwaga alisema tu, "Nilikuuliza, mjukuu."

"Uliniuliza, Guka."

Akanipa daftari lake la jalada jeusi nilishike. Ukurasa wa usiku ule ulikuwa bado upo, mwandiko wa mtu aliyeandika kwa mwanga wa tochi: saa 4.40, saa 8.50. Daftari lile liko pale hadi leo, kando ya kompyuta, na kila asubuhi husomwa vyote viwili.

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, wengi wetu tutakwenda kusomea mambo ya mashine, na siku moja tutaziweka katika viwanda, hospitali na ofisi. Mtu akikwambia kompyuta haidanganyi, mwulize kwanza: imejuaje? Aliyeiweka ni nani, na alisahau nini? Nami nilijifunza kwamba anayeleta shahidi ndiye wa kwanza kumhoji, kabla mtu mwingine hajahukumiwa kwa maneno yake. Na mkubwa akikuuliza swali dogo unapofanya kazi yako kubwa, weka bisibisi chini umsikilize.

Mwanachama, Kidato cha Nne